Sisi Tulianza na Sepetu

Juzi tena. Nimemaliza kueleza habari za mabomu ya vishada kwenye semina, yale yanayofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo vingi, akasimama mzee mmoja, mstaarabu kabisa: "Mwanangu, ninyi watu wa kanisa tuombeeni amani. Silaha waachieni wataalamu." Makofi ukumbi mzima. Hayo makofi yameshanichosha.

Mimi ni Mmennonite wa Mara, kazi yangu ni utetezi. Nikiketi mbele ya maofisa sisomi zaburi. Nasimulia habari za jembe.

Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliimwagia Laos vibomu zaidi ya milioni 270. Inakadiriwa hadi asilimia 30 havikulipuka. Vingi vina ukubwa wa mpira wa tenisi. Mkulima wa Xieng Khouang anainua jembe, analishusha kwa nguvu kama tunavyolishusha sisi Shirati, na kilicholala udongoni kinaamka. Wamennonite waliokuwa huko, pamoja na Marafiki (yaani Waquaker, ndugu wa imani wa wale wa Kaimosi, Kenya), wakaanza kugawa sepetu. Sepetu huipigi chini. Unaikandamiza kwa mguu, taratibu. Haikuondoa bomu hata moja, ilipunguza hatari tu. Usafishaji wenyewe ulikuja 1994, waliposhirikiana na wateguaji mabomu wa shirika la MAG. Sasa hapo mtaalamu ni nani?

Halafu kuna hii "asilimia 1". Watetezi wa silaha hizi hupenda kusema za kisasa zinazoshindwa kulipuka ni asilimia 1 tu. Zimepimwa wapi? Kwenye uwanja wa majaribio. Shambani kuna matope, majani, matawi ya miti, na kibomu kinatua kama kwenye godoro. M85, aina mojawapo ya vibomu hivi, ilisifiwa hivyohivyo, eti ina kifaa cha kujilipua yenyewe. Lebanon, baada ya vita vya 2006, wachunguzi wakakuta kama asilimia 10 zimebaki bila kulipuka. Tuseme basi hiyo 1 ni kweli. Asilimia 1 ya milioni 270 ni vibomu milioni 2.7. Nani anatangulia kupalilia?

Mkataba wa kuzipiga marufuku ulipitishwa Dublin Mei 2008, ukatiwa saini Oslo Desemba, na Vatikani ikauridhia siku hiyohiyo. Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini. Kutia saini si kuridhia, jamani! Ni posa, si ndoa.

Ila kuna swali linaloninyima usingizi. Kanisa letu linakataa vita vyote. Ninapodai silaha moja ipigwe marufuku, je, siyabariki makombora mengine? Wengine kanisani wanasema ndiyo, na siku nyingine nakubaliana nao. Halafu Machi 2025 Lithuania ikajitoa kwenye mkataba, nchi ya kwanza kufanya hivyo, nami nikajiuliza kama ile aibu ya kutumia silaha hizi tuliyoijenga kwa miaka yote ina uzito wowote mtu akimwogopa jirani yake.

Mzee alinifuata nje baadaye. Mkataba hakuuliza. Alitaka kujua sepetu inalimaje shamba zima.

"Vibaya, mzee wangu," nikamwambia. "Inachelewesha mno."