Taa ya betri imewaka, usikimbilie kununua betri: uongo na ukweli kuhusu chaji ya malori yetu ya zamani

Hapa Nairobi lori ikikataa kushika asubuhi, kitu ya kwanza mwenye gari anafikiria ni betri, anashuka Kirinyaga Road ananunua mbili mpya, zinafungwa, na baada ya muda si mrefu iko palepale inasukumwa na vijana wa yadi. Kuna mambo tumeambiana kwa yadi na kwa steji za malori mpaka tumeyaamini, na pesa yetu mingi inapotelea hapo. Kubwa ni hii ya kusoma taa ya dashibodi kama jina la spea ya kununua. Taa inakuonyesha mahali pa kuanza kupima, hiyo tu ndio kazi yake. Naongea zaidi kuhusu malori ya Canter, NKR na FRR za Isuzu, na pikapu za zamani zenye hazina kompyuta mingi, maana ndizo zinabeba mboga, mchanga na mawe ya huu mji.

"Taa ya betri ikiwaka, betri imeisha"

Hiyo taa haipimi betri hata kidogo. Upande mmoja inapata moto kutoka kwa swichi ya ufunguo, upande wa pili waya wake unaenda nyuma ya alternata, ile mashine inazungushwa na mkanda wa injini kutoa umeme wa kuchaji betri, mara mingi kwa tamino yenye imeandikwa L. Ukifungua ufunguo kabla ya kupiga stata, moto unapita kwa globu unaingia alternata, taa inawaka. Injini ikishika na alternata ikianza kutoa, pande zote mbili za globu zinakuwa na volti karibu sawa, moto unakosa pa kwenda, taa inazima. Kwa hivyo ikiwaka ukiwa barabarani inakwambia alternata haitoi venye inafaa: mkanda umelegea ama umekatika, brashi za ndani zinazopitisha moto zimeisha, regyuleta inayopima volti isipite kiasi imekufa, waya umechomoka. Betri zinaweza kuwa mpya kabisa kutoka dukani na hiyo taa bado iwake. Na zinaweza kuwa zimekufa kabisa na taa isiwake hata siku moja, mradi alternata inatoa.

Kitu yenye watu hawaangalii ni taa isipowaka kabisa ukifungua ufunguo. Wengi wanafurahi, dashibodi iko safi. Lakini kwa malori mengi ya zamani ule moto mdogo unaopita kwa globu ndio unaamsha alternata, globu ikiungua ama mtu akiitoa ili auze gari bila maswali, alternata inakaa tu inazunguka bure, ama inaamka ukikanyaga mafuta sana ndio ianze kuchaji. Mtu anaambiwa alternata imekufa na shida ni globu. Kila asubuhi fungua ufunguo, ngoja kidogo, hesabu taa kabla ya kupiga stata: ya betri, ya oil, ya breki. Zote lazima ziwake, zote lazima zizime injini ikishika na handbreki ikiwa imeachiliwa.

"Kama inashika basi inachaji"

Inashika leo kwa sababu betri bado ziko na akiba ya jana. Pima. Mita ndogo ya digitali unaipata Luthuli Avenue na bei yake haikaribii bei ya betri moja. Lori nyingi za hapa ni volti 24, yaani betri mbili za 12, chanya ya moja imefungwa kwa hasi ya nyingine. Zikiwa zimelala usiku kucha bila kuguswa, mbili pamoja zikiwa zimejaa zinasoma kama volti 25.2 hadi 25.6. Ukisoma 24 ama chini, hazijajaa, na hapo bado hujajua ni kwa nini. Piga stata mwenzako akiangalia mita, ikianguka chini ya kama 19 na zilikuwa zimejaa, betri moja iko na shida, ama zote. Injini ikishika, kanyaga kiasi, inafaa isimame kati ya 27.5 na 28.8 hivi. Ikibaki 25 na inashuka polepole, hakuna chaji. Ikipita 29.5 regyuleta imeachilia na betri zinachemshwa, utasikia harufu ya mayai yaliyooza karibu na sanduku la betri, usiwashe sigara hapo, hiyo ni gesi inawaka. Kwa pikapu ya volti 12 kata hizo namba zote nusu.

Alafu kuna hii ya kuamini alternata itajaza betri iliyokufa ukitembea tu kutoka Kariobangi mpaka Industrial Area. Kwa jam ya Outering injini iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, alternata inatoa sehemu tu ya uwezo wake, na wewe umewasha taa, waipa, feni na redio. Betri iliyokufa kabisa inataka masaa kwa chaja, na alternata ikilazimishwa kuijaza inapata joto kali na hapo ndio dayodi zake, zile zinaruhusu umeme upite upande mmoja tu, zinaungua.

"Toa tamino ya betri injini ikiwa inawaka, ikizima alternata ni mbovu"

Hii tafadhali tuache. Najua mafundi wazee waliifanya miaka na miaka, na zamani kulikuwa na dainamo na vyombo vya kuharibika vilikuwa vichache. Alternata ikiwa inasukuma chaji alafu ghafla umetoa betri, ule moto wote unakosa pa kuingia na volti inaruka juu, inaweza kupita 100 kwa muda mfupi sana, na kwa mfumo wa 24 ni mbaya zaidi. Huo muda mfupi unatosha kuua dayodi, regyuleta, redio, trekka na kisimamia mwendo. Gari ilikuja na shida ya mkanda inatoka ikihitaji alternata. Na hata isipozima haujajua kitu, alternata inaweza kushikilia injini bila betri na bado isitoe vya kutosha. Hizo injini za zamani za dizeli zenyewe zinaweza kuendelea kuwaka bila umeme wowote, kwa hivyo hicho kipimo hakisemi chochote. Mita inasema kila kitu na haiharibu kitu.

Kuna ndugu yake: kuwelda bodi ama chesisi betri zikiwa zimefungwa. Kwa jua kali utaona mtu anaunga bampa, athi ya mashine, ule waya wa kurudisha moto, ameishika mbali kule nyuma, na moto wa kuwelda unatafuta njia kupitia kwa alternata. Toa tamino zote za betri, toa waya za alternata kama unaweza, na athi ishikwe karibu kabisa na pahali pa kuwelda.

"Taa bado inasumbua, badilisha alternata"

Kabla ya hapo angalia waya, tena kwa mita, macho peke yake haitoshi. Kulikuwa na NKR ya kubeba vitunguu Wakulima, ilikuwa imewekewa betri mpya na alternata ya kutoka Japani, na bado ilikuwa inasukumwa kila asubuhi. Mita nyuma ya alternata ilikuwa inasoma 28.3, safi. Kwa betri ilikuwa 26.2. Injini ileile, saa ileile, na volti mbili zimepotea katikati. Waya mnene ulikuwa unaonekana mzuri, lakini ukishika karibu na kichwa chake unasikia joto, na tulipopasua mpira kidogo shaba yote ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani, ni nyuzi chache tu zilikuwa bado zinashika. Ilikatwa pale, ikawekwa kichwa kipya kilichobanwa vizuri, na lori ikaanza kuchaji. Ile alternata ya zamani haikuwa na makosa.

Njia ya kujua ni rahisi. Injini ikiwaka na taa kubwa zote zikiwa zimewashwa, weka mkono mmoja wa mita kwa tamino kubwa ya alternata na mwingine kwa chanya ya mwisho ya betri, ile yenye inatoa 24. Hapo mita inasoma kile kinachopotea kwa waya. Ikizidi kama nusu volti, waya ama viungo vyake ni vibaya. Rudia upande wa athi: mwili wa alternata mpaka hasi ya betri, hapo usikubali zaidi ya kama 0.2. Athi ya injini kwa chesisi na ile ya kebini kwa chesisi ndizo zinasahaulika, na kwa hizi lori za kuinua kebini ule waya unavutwa na kukunjwa kila mara kebini ikiinuliwa. Ukiona indiketa ikipiga na taa ya dashibodi inapepesa nayo, ama taa kubwa zinafifia ukikanyaga breki, anza na athi.

"Betri moja imekufa, nunua moja" na "redio ni kitu kidogo, chota 12 kwa betri moja"

Hizi zinaenda pamoja na ndizo zinaua betri nyingi za malori huku kwetu. Betri mbili kwa mstari zinapitiwa na chaji ileile. Ukiweka mpya na kuukuu, ile kuukuu inafika volti yake haraka ama inakataa kabisa, mpya inaachwa nyuma ama inachemshwa, na zote zinaisha mapema. Nunua mbili za aina moja, saizi moja, siku moja. Inauma mfukoni najua, lakini kununua moja kila baada ya miezi ni gharama zaidi.

Kuchota 12 ndio kunaanzisha hiyo vita. Fundi anaweka redio, chaja ya simu, taa za mapambo, anafunga kwa betri ya chini, ile hasi yake imefungwa kwa chesisi, kwa sababu ni 12 na ni rahisi. Hiyo betri inanyonywa kila siku, ya juu hainyonywi, na alternata inaona jumla ya 28 tu, haijui kwamba moja iko 13 na nyingine 15. Pima kila betri peke yake injini ikiwaka, tofauti ikizidi nusu volti kuna kitu kinachota upande mmoja. Dawa ni konvata ya kushusha 24 kwa 12, inafungwa kwa betri zote mbili.

"Inaisha usiku kwa sababu betri ni za bei rahisi"

Saa zingine ni kweli. Lakini kwanza angalia nani anakula usiku. Trekka nzuri inakula kidogo sana, redio iliyofungwa vibaya ama relei (swichi ya umeme) iliyogandamana inaweza kula nusu ampea bila wewe kujua. Nusu ampea kutoka Jumamosi mchana mpaka Jumatatu alfajiri, masaa 40, ni ampea-saa 20, na betri yako labda ni ya 70. Weka mita ya ampea katikati ya hasi na waya wake kila kitu kikiwa kimezimwa, usipige stata ikiwa hivyo, fyuzi ya mita itaungua. Lori ya zamani ikila zaidi ya miliampea 50 toa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Ukitoa zote na bado inakula, gusa alternata. Lori imelala usiku kucha na alternata iko vuguvugu? Dayodi imevuja, inarudisha moto wa betri ndani.

Dayodi hiyohiyo ndio huleta kitu kingine cha kuchanganya watu: taa ya betri na taa ya breki zinawaka pamoja, hafifu, saa zingine na ya filta ya dizeli. Kwa Hilux za zamani na dizeli nyingi za Japani hizo taa zinashirikiana waya za kujipima, alternata ikikosea zinawaka pamoja. Angalia mafuta ya breki, ndiyo, hiyo usiruke. Yakiwa sawa rudi kwa alternata kabla hujafungua magurudumu.

Haraka haraka: maji ya betri yakipungua unaongeza maji safi ya betri, hakuna kuongeza asidi. Ile taa ya njano yenye iko kama springi si ubovu, inapasha injini, ngoja izime. Taa nyekundu ya oil haikuambii kiasi, ni presha, zima injini palepale hata kama dipstiki imejaa.

"Alternata ni kazi ya fundi wa waya, haihusiani na breki"

Kwa Canter na Isuzu nyingi ndogo za zamani, nyuma ya alternata kumefungwa pampu ya vakyumu, na hiyo ndio inasaidia mguu wako kwa breki. Inapitisha oil ya injini, sili yake ikiisha oil inaingia ndani ya alternata inalowesha brashi, taa inaanza kuwaka na kuzima. Mtu anabadilisha brashi, anaacha sili, na baada ya muda taa imerudi. Mbaya zaidi ni kufunga alternata isiyo na pampu ama kusahau paipu ya vakyumu, alafu lori imebeba mzigo inateremka Mai Mahiu. Kazi ikiisha, injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, ishikilie hapo na mguu, piga stata. Pedeli lazima ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, hiyo lori haitoki yadi.