Mbwa Anayejikuna Usiku Kucha: Maswali na Majibu kwa Wafuga Mbwa wa Mwanza

Mbwa akijikuna, kuna kinachomkunisha. Kazi ya kwanza ni kukitafuta hicho kabla ya kufungua chupa yoyote ya dawa. Kwa bahati mbaya wengi wetu tunaanzia kwenye chupa, na mbwa wanaumia bure. Haya ni maswali ambayo sisi madaktari wa mifugo tunaulizwa kila mara, kuanzia Igoma mpaka Bwiru, pamoja na majibu yake.

Mbwa wangu anajikuna sana. Nitajuaje kama ni mzio au ni wadudu?

Anza na wadudu, hata kama moyoni una uhakika kwamba ni mzio. Huku ziwani joto lipo mwaka mzima na unyevu haukosekani, kwa hiyo viroboto hawana msimu wa kupumzika. Tena mbwa mwenye mzio wa aina yoyote ile huzidi kuwashwa akiwa na viroboto juu yake.

Tazama anapojikuna. Akijitafuna mgongoni karibu na shina la mkia na nyuma ya mapaja, mshuku kiroboto. Kingo za masikio, viwiko na tumbo vikinyonyoka manyoya na kutoa magamba, ushuku utitiri wa upele. Akilamba nyayo mpaka manyoya ya hapo yageuke rangi ya kutu, akisugua uso sakafuni, akitikisa kichwa na masikio yananuka, hapo ndipo mzio wa vumbi au wa chakula unapoanza kuingia kwenye hesabu.

Kisha fanya kipimo kimoja cha nyumbani. Chukua chanuo lenye meno yaliyobanana, lile la kutolea chawa, umchane kiunoni juu ya kitambaa cheupe. Zitadondoka punje ndogo nyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Zidondoshee maji kidogo, usubiri. Zikiwa ni mchanga zitabaki zilivyo. Zikianza kuchuja wekundu unaosambaa kwenye kitambaa, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na ule wekundu ni damu ya mbwa wako.

Nimempekua mwili mzima sijaona kiroboto hata mmoja, lakini daktari anasema ni mzio wa viroboto. Inawezekanaje?

Inawezekana, tena ni jambo la kawaida kabisa. Kinacholeta mzio huu ni mate ya kiroboto. Anapouma huyaacha kwenye ngozi, na kwa mbwa mwenye mzio, kuumwa mara chache tu kunatosha kumfanya ajikune kwa siku kadhaa. Kwa kuwa anajitafuna bila kukoma, viroboto wengi anawameza mwenyewe. Ndiyo maana ukimpekua hukuti kitu.

Sasa waliobaki wako wapi? Wako nyumbani kwako. Viroboto wazima walioko juu ya mbwa ni kama asilimia 5 tu ya wote. Asilimia 95 ni mayai, mabuu na pupa waliojificha kwenye matandiko, nyufa za sakafu na vumbi la banda. Mabuu hukimbia mwanga na hufa juani. Wanataka vumbi lenye kivuli na unyevu kidogo. Fikiria basi nyumba zetu za mlimani, Mabatini au Igogo, ambako mbwa huchagua kulala kwenye upenyo chini ya jiwe kubwa kwa sababu hapo pana ubaridi mchana. Jua halifiki, ufagio haufiki, dawa haifiki. Mimi huwa naomba nionyeshwe anapolala mchana kabla hata sijamgusa mbwa mwenyewe, maana mara nyingi jibu liko pale.

Ziba upenyo huo kwa mawe na udongo, umtengenezee sehemu nyingine ya kivuli inayofagilika. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila wiki. Banda lifagiliwe mpaka kwenye kona, na taka zichomwe au zitupwe mbali, zisiachwe pale mlangoni. Mbwa apewe dawa ya viroboto inayolingana na uzito wake, iwe kidonge cha kutafuna au matone ya kuweka shingoni. Wanyama wengine wote wa nyumbani nao watibiwe siku hiyo hiyo. Ukimtibu mbwa mmoja ukamwacha mwenzake, umetupa hela.

Tahadhari kuhusu paka: baadhi ya dawa za viroboto za mbwa zina pemethrini, ambayo kwa paka ni sumu inayoua. Usimgawie paka dawa ya mbwa hata tone moja.

Usivunjike moyo ukiona viroboto tena baada ya wiki mbili tatu. Pupa akiwa ndani ya kifukofuko chake hadhuriki kirahisi na dawa, kwa hiyo wapya wataendelea kutoka kwa muda. Endelea na dawa walau miezi 3 mfululizo.

Jirani ananishauri nimpake oili chafu ya gari, au nimuogeshe kwa dawa ya josho. Inafaa?

Haifai, na naomba sana usijaribu. Katika mambo yote ya ngozi ya mbwa, hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mwenye mbwa anafanya kwa mapenzi na mnyama anateseka.

Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na kemikali zinazopenya kwenye ngozi, hasa ngozi iliyokwisha kuchubuka kwa kujikuna. Mbwa naye hujilamba, kwa hiyo kile ulichompaka anakinywa pia. Madhara yanaingia mpaka kwenye ini na figo. Dawa ya josho nayo imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Amitrazi, kwa mfano, hutumika kwa mbwa, lakini kwa kipimo maalumu na chini ya usimamizi wa daktari. Kukisia kwa kifuniko cha chupa kwenye ndoo ni hatari. Dawa nyingine za josho, zile za jamii ya oganofosfeti, zikimzidi mbwa, anatokwa mate mengi, anatapika, anaharisha, anatetemeka, na mboni za macho zinasinyaa. Anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kama umeshampaka, vaa glavu, umuoshe kwa maji mengi ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, umzuie kujilamba, umkimbize kwa daktari pamoja na ile chupa. Usimtapishe.

Na ile sindano ya ivermektini ya ng'ombe, ya minyoo na wadudu? Daktari anaweza kuamua kutumia ivermektini kwa mbwa, lakini uamuzi huo aachiwe yeye. Mbwa wenye damu ya Collie, na baadhi ya German Shepherd ambao wengi wetu tunawafuga kwa ulinzi, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Matokeo yake ni kupepesuka, upofu, kupoteza fahamu na hata kifo.

Shikamoo daktari. Mbwa wetu amenyonyoka masikioni na kwenye viwiko, na sasa watoto wawili wanawashwa mikononi na tumboni. Je, anatuambukiza?

Marahaba. Inaelekea hivyo, na umefanya vyema kuuliza mapema. Sugua ukingo wa sikio lake kwa vidole viwili, taratibu. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kupiga kama anajikuna hewani, dalili za upele unaoletwa na utitiri zinazidi kuwa na nguvu. Utitiri huu huuoni kwa macho. Huchimba ndani ya ngozi, na huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine kwa kugusana. Mbwa wa mtaani wanaozurura kwenye majalala ya samaki hubeba sana.

Daktari atakwangua ngozi na kuangalia kwa hadubini. Asipouona, hiyo haimaanishi haupo, kwa kuwa mara nyingi hukosekana kwenye kipande kilichokwanguliwa. Anaweza kuamua kutibu kwa dalili peke yake, na anakuwa hajakosea. Kinachotakiwa ni kutibu mbwa wote mlionao, pamoja na asiyejikuna.

Kwa binadamu, utitiri wa mbwa hauwezi kuzaliana kwenye ngozi yetu, kwa hiyo muwasho huisha wenyewe mbwa akishatibiwa. Lakini wapeleke watoto kituo cha afya, kwa sababu binadamu tuna upele wetu, na kuna mapunye pia ambayo mbwa huweza kuyaleta, yale madoa ya mviringo yenye kingo nyekundu.

Kuna na utitiri mwingine, demodeksi, unaonyonyoa watoto wa mbwa kuzunguka macho na mdomo. Huo hauambukizi watu. Hauwashi sana isipokuwa bakteria wakiingia, na dawa za steroidi, ambazo hutuliza muwasho kwa kupunguza kinga ya mwili, huuchochea. Ndiyo sababu sipendi kuona mtu anamchoma kila mbwa anayejikuna sindano ya steroidi kabla ngozi haijapimwa.

Anakula ugali na mapanki kila siku. Inaweza kuwa ndicho kinachomletea mzio?

Inaweza, ingawa samaki si miongoni mwa vinavyoongoza. Vinavyotajwa zaidi kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Mzio wa chakula hauji na msimu, na mara nyingi unaambatana na masikio yasiyopona na kuwashwa sehemu ya haja kubwa. Watu hushangaa nikisema mbwa anaweza kupata mzio wa kitu alichokula miaka mingi bila shida. Ndivyo mzio unavyojengeka: mwili unakizoea kwanza, kisha unakigeuka.

Hakuna kipimo cha damu cha kuaminika hapa. Kipimo ni sahani. Kwa wiki 8 mfululizo, mpe protini moja na wanga mmoja ambavyo hajawahi kula. Vitabu vingi vinapendekeza samaki na viazi, ila kwa mbwa wa Mwanza aliyekulia mapanki, dagaa na furu, samaki hana ugeni wowote. Kwetu ni afadhali sungura au mbuzi kwa viazi vitamu au mihogo iliyopikwa ikaiva vizuri, bila chumvi, kitunguu wala mchuzi wetu. Nyumba nzima ikubaliane: mtoto akimtupia kipande cha chapati, hesabu inaanza upya. Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi ndani ya siku chache au wiki mbili, jibu umelipata. Mlo huu wa majaribio haujakamilika kwa virutubisho, kwa hiyo usiufanye wa kudumu bila ushauri, na mtoto wa mbwa asianzishiwe bila daktari.

Naweza kumuogesha ziwani?

Chota maji, umuogeshee nyumbani. Sababu ya kwanza ni wewe mwenyewe: kusimama kwenye maji ya kina kifupi pwani ya Ziwa Victoria ni njia ya kupata kichocho. Sababu ya pili ni kwamba mbwa anayeloa kila siku bila kukaushwa hupata fangasi na bakteria katikati ya vidole na ndani ya masikio.

Tumia shampuu ya mbwa. Ngozi yake haina tindikali nyingi kama yetu, kwa hiyo sabuni ya unga na sabuni ya mche humkausha na kuzidisha muwasho. Kama daktari amekupa shampuu yenye klorheksidini, ikae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuza. Wengi wanapaka na kusuuza papo hapo, halafu wanasema dawa haifanyi kazi.

Tumetibu wadudu, tumebadilisha chakula, bado anajikuna. Daktari anasema ni mzio wa vumbi na hauponi.

Amekwambia kweli. Mzio huu wa kurithi huanza mara nyingi mbwa akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3. Anachokikataa mwili ni vitu vilivyomo kwenye mazingira: utitiri wa vumbi la ndani, ukungu, chavua. Hauponi, lakini unadhibitika, na mbwa anaishi vizuri miaka yake yote. Mfute nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji kila akitoka nje, muogeshe kila wiki anapozidiwa, zuia viroboto bila kukatisha, tibu maambukizi ya ngozi na masikio mapema. Ya mwisho hiyo ina uzito mkubwa, kwani mara nyingi muwasho unaopanda ghafla ni bakteria waliodandia, na ukiwatibu hao nusu ya shida inaondoka.

Predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, hutuliza haraka, lakini huongeza kiu, mkojo na njaa, na ikitumika kwa muda mrefu isikatishwe ghafla. Zipo dawa mpya zaidi, kama oklasitinibu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Muulize daktari wako kama anaweza kuipata na kama mfuko wako utaimudu kila mwezi.

Piritoni je?

Husaidia mbwa wachache, na kidogo. Uliza kipimo kwanza. Usimpe paracetamol wala ibuprofen kwa hali yoyote.

Analamba vidole tu, na ana vidonda vyenye kitone cheusi katikati.

Angalia funza. Kwenye udongo wa kichanga mbwa hushambuliwa kama sisi, na akiwa nao anawaeneza uani. Wasitolewe kwa pini chafu. Apelekwe kwa daktari, na uwanja umwagiwe maji na kufagiliwa.

Ni wakati gani nisisubiri kesho?

Uso ukivimba ghafla au akihema kwa shida baada ya kuumwa na nyuki au kupewa dawa. Ngozi ikilowa usaha na kunuka. Fizi zikiwa nyeupe kwa mbwa mwenye kupe wengi, au akiwa na homa na hataki kula.

Na hili la mwisho. Mbwa asiyechanjwa kichaa cha mbwa, ambaye ghafla anatafuna sehemu moja aliyowahi kung'atwa huku tabia imebadilika, anatokwa mate au anajificha, usimshike kumkagua ngozi. Mfungie, umwite afisa mifugo wa kata. Akiwa amemng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu huyo afike hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.