Kuaminiana ni nini? Maana yake kama inavyoonekana Mwaloni

Kitenzi "amini" kina ndugu wengi, wote wenye mzizi wa Kiarabu: imani, amana, uaminifu, hata amani. Katika ukoo huo, kwangu mimi amana ndiyo inayoeleza jambo vizuri zaidi. Amana ni kitu unachomkabidhi mtu akutunzie, kisha ukaenda zako. Ukishaondoka, huoni anachokifanya nacho. Kumwamini mtu ni kumwachia kitu chenye thamani kwako mahali ambapo jicho lako halifiki. Kama unamsimamia kila dakika, hapo umemchunga tu.

Uaminifu ni tabia ya mtu mmoja. Kuaminiana kunahitaji wawili, na kile kiambishi -an- ndicho kinachobeba kazi yote. Mtu anaweza kuwa mwaminifu maisha yake yote na bado pasiwe na kuaminiana kati yake na wenzake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumkabidhi chochote. Lazima mmoja aanze kutoa kabla hajajua mwenzake atafanya nini.

Ukitaka kuliona jambo hili waziwazi, nenda Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwenye soko la dagaa na samaki wa ziwa. Wafanyabiashara wanatoka mikoani, wengine Rwanda, Burundi na Kongo. Dagaa huvuliwa usiku, mwezi ukiwa haupo, kwa mwanga wa taa unaowavuta juu. Mwenye mtumbwi mara nyingi amelala nchi kavu. Ndoo ngapi zimeuzwa majini kabla ya kufika mwaloni, hawezi kujua ila kwa kauli ya vijana wake. Mnunuzi naye hawezi kumwaga kila gunia aone kama dagaa wa chini ni sawa na wa juu, au wamechanganyika na mchanga. Biashara nzima imejaa mahali ambapo jicho halifiki.

Na juu ya hayo kuna mali kauli. Mwenye mzigo anampa mchuuzi magunia bila kupokea shilingi. Mchuuzi anasafiri, anauza, anarudi na hela siku waliyokubaliana. Kilichobaki mkononi mwa mwenye mali ni kauli tu, na ndiyo maana ikaitwa hivyo.

Nilipokuwa kijana nilimshikia mama mdogo daftari la mali kauli. Mchuuzi mmoja alichukua magunia manne kwenda Kahama, alipe Jumamosi. Alhamisi jioni simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, za huko?"

"Si nzuri. Mvua imetukuta njiani na turubai limepasuka. Magunia mawili yamelowa, naanika upya. Jumamosi nitaleta hela ya mawili. Haya mengine naomba unipe mpaka Jumatano."

Mama mdogo alinyamaza kidogo, akaniambia niandike Jumatano. Jumatano hela ikaja, pungufu kidogo, naye akaeleza pungufu limetoka wapi. Safari iliyofuata akapewa magunia sita.

Alikuwepo mwingine ambaye hajawahi kudhulumu hata shilingi. Lakini siku ya malipo ikifika simu inazimwa, siku tatu, siku nne, kisha anatokea na hela yote na pole nyingi. Huyo hakuwahi kupewa zaidi ya magunia mawili. Nilimuuliza mama mdogo kwa nini, maana kwenye daftari huyu alikuwa analipa vizuri kuliko wa kwanza. Akasema, "Hela yake naiona. Yeye ndiye simwoni."

Nimefikiria jibu hilo miaka mingi. Ahadi ni deni, tunasema, na wengi tunadhani deni hilo ni kile kitu tulichoahidi basi. Lakini anayekusubiri anadai pia habari. Anayesema mapema kwamba imeshindikana, kabla hajaulizwa, anamrudishia mwenzake nafasi ya kupanga mambo yake.

Mwaka 1995 watafiti watatu wa Marekani, Roger Mayer, James Davis na David Schoorman, walieleza kwamba tunapopima kama mtu anaaminika tunatazama mambo matatu: uwezo wake, nia yake njema kwetu, na uadilifu wake, yaani kama anashika misingi tunayoikubali. Napenda mgawanyo huu kwa sababu unatuokoa na neno "simwamini" linalorushwa kwa mtu mzima-mzima. Humwamini kwa lipi? Fundi wa injini ya boti unaweza kumwachia injini ukalala usingizi, huku ukijua siri yako ukimpa leo kesho imefika Igombe. Kijana mpya kazini anaweza kuwa na nia safi kabisa ila hajui hesabu za stoo. Huyo wa pili anahitaji kufundishwa, na ukimwita si mwaminifu umemdhulumu.

Ofisini na dukani jambo hili huharibikia mahali pamoja zaidi ya pengine: siku habari mbaya ya kwanza inapofika kwa bosi. Niliwahi kufanya kazi kwenye duka moja mjini. Dada wa kaunta alikuta pungufu ya shilingi elfu ishirini akifunga hesabu, akaenda kusema mwenyewe. Alifokewa mbele ya wateja. Tangu siku hiyo hesabu za duka lile hazikupungua tena hata mara moja, na bosi alifurahi. Sisi tulijua kwamba ikipungua tunakopeshana, tunaziba. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, akichunguza makosa ya dawa katika hospitali za Marekani, alikuta kwamba timu zenye uongozi mzuri zilionekana na makosa mengi zaidi, si machache. Maelezo yake ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema.

Nyumbani ni yale yale, ila amana zake ni ndogondogo na hazihesabiki: siri ya mke iliyofika kwa mawifi, ahadi ya kumletea mtoto mahindi ya kuchoma. Mtoto anaishika ile ahadi kuliko unavyodhani. Kuhusu kupekua simu ya mwenzako, nasema hivi tu: unaweza kupata ushahidi, lakini kuaminiana hakumo mle ndani.

Je, kukivunjika kunarudi? Inategemea kilichovunjika. Mzigo ulioloa kwa turubai bovu ni kosa la uwezo, na watu husamehe upesi wakiona turubai jipya. Kosa la hila ni jingine, kwa sababu linamfanya aliyeumizwa arudi nyuma na kutilia shaka hata yale ya zamani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyeuma hana haki ya kumpangia lini aache kushtuka.

Mchuuzi mmoja alitoroka na hela ya mama mdogo, akarudi baada ya miaka miwili. Alikiri, hakuleta visingizio, akalipa kidogokidogo mpaka deni likaisha. Kisha akaomba mzigo. Mama mdogo alimpa ndoo moja, Ijumaa asubuhi. Jumatatu alirudi na hela ya ndoo. Mama akahesabu, akampa ndoo nyingine. Magunia hakuyafikia mpaka mwaka uliofuata.