Drakma ya wapi?

Sonara mmoja, rafiki yangu, aliweka bangili ya fedha kwenye mizani yake, ikasoma gramu 100 kamili. Akanigeukia: “Mwalimu, kwa Wagiriki wa kale hii ni drakma ngapi?” (Drakma ilikuwa kipimo chao cha uzito, na pia sarafu ya fedha yenye uzito huo.) Kabla sijafungua mdomo, keshachungulia simu. Kikokotoo kimempa jibu lenye tarakimu sita baada ya nukta. Nikamwuliza: drakma ya wapi?

Swali hilo nililijifunza kwa aibu. Siku zangu za mwanzo za kusoma sarafu za kale nilikabidhiwa sarafu nene ya fedha, upande mmoja kinundu kilichosagika, upande wa pili shimo la mraba lililoachwa na chuma cha kugongea. Gramu 11.8. Nikagawa kwa 4.3, uzito wa drakma niliokariri, nikapata 2.74. Sarafu ya drakma 2.74 haipo duniani, basi nikaandika kwenye daftari: “pengine bandia.” Mwalimu wangu akaichukua, akailaza chini ya taa hadi kivuli kikaingia kwenye mikwaruzo, na pembeni mwa kile kinundu likatokea pezi. “Huyu ni kasa wa Aegina,” akasema. “Wewe umempima kwa jiwe la Athene.”

Kisiwa cha Aegina kilikuwa na drakma yake, gramu 6.1 hivi, na sarafu yake kuu, stateri, ilikuwa drakma mbili. Niliyoiita bandia ilikuwa stateri halali iliyopoteza chini ya nusu gramu kwa kupita mikononi mwa watu. (Katikati ya karne ya 5 KK yule kasa aliondoka kwenye sarafu, akaja kobe wa nchi kavu. Kwa kukadiria umri wa sarafu, miguu ya mnyama huyo inanisaidia kuliko mizani.)

Athene drakma ni gramu 4.3, na sarafu yao maarufu ya drakma nne, yenye picha ya bundi, ina gramu 17.2. Korintho walikuwa na stateri ya gramu 8.6, sawasawa na drakma mbili za Athene, ila wao waliigawa mara tatu, kwa hiyo drakma yao ni gramu 2.9 tu.

Ngazi yenyewe ni rahisi: oboli 6 ni drakma 1, drakma 100 ni mina 1, mina 60 ni talanta 1. Oboli ni jina litokanalo na mshikaki wa chuma, na drakma maana yake konzi, yaani mishikaki sita iliyojaa kiganja. Talanta ya Athene inafika karibu kilo 26. Anayesoma Mathayo 25 akadhani yule mtumwa aliyepewa talanta moja alifukia kitu cha kufumbata mkononi, afikirie nusu mfuko wa saruji, na zaidi.

Sasa hiyo 4.3 imetoka wapi? Hakuna Mgiriki aliyetuachia jiwe lililoandikwa gramu. Tunapima sarafu za bundi moja moja, mamia kwa mamia, tunazipanga kwa uzito na kutazama zinapojazana. Hazijazani kwenye nukta moja. Ukigawa kilo moja kwa 4.3 unapata karibu drakma 233, ukitumia 4.36, ambayo nayo ina watetezi wake, unapata 229. Tarakimu ya tatu tayari inayumba, halafu simu inakupa sita baada ya nukta!

Na hapo ni sarafu tu. Sokoni mambo yalikuwa mengine. Mwishoni mwa karne ya 2 KK Athene ilichonga sheria kwenye jiwe: mina ya biashara iwe na uzito wa drakma 138 za sarafu, si 100, na juu yake muuzaji aongeze drakma 12. Lumbesa iliyopitishwa na dola! Mina ya fedha ni gramu 430. Mnunuzi wa sokoni aliondoka na karibu 645. Kwa hiyo ukikuta “mina” kwenye maandishi ya kale, uliza kwanza kilichokuwa kinapimwa.

Rafiki yangu alikuwa na hoja yake. Babu yake alipima kwa tola, kipimo cha zamani cha Kihindi, yeye anapima kwa gramu, na kila mwaka wateja wanamwuliza nisabu ya zaka, yaani kiwango cha chini cha mali kinachomlazimu mtu kutoa zaka: dirhamu 200, gramu 595 za fedha. Dirhamu ni drakma hiyohiyo iliyopitia Uajemi na Uarabuni, ikafika kwetu ikiwa na gramu 2.975. Kumbe alikuwa na drakma ya nne dukani mwake siku zote.

Nikachukua karatasi ya risiti, nikamwandikia bangili yake: kwa Athene drakma 23 na oboli moja na nusu, kwa Aegina drakma 16 na oboli mbili na kidogo, kwa Korintho kama 35. Akaisoma, akaikunja, akauliza amuuzie mteja kwa ipi.

Nikamwambia auze kwa gramu.