Iguana wa Buluu wa Grand Cayman: Kazi Iliyobaki ni Paka

Ukitaja mjusi wa mita moja na nusu, wengi wetu humfikiria kenge, mwizi wa mayai ya kuku. Iguana wa buluu hana tabia hiyo. Hula majani, maua na matunda, na mbegu anazomeza huenda kuota mbali na mti zilikotoka. Asubuhi huwa wa kijivu kama mwamba alioulalia. Jua likimpasha joto, na hasa akikutana na mwenzake, ubuluu humtoka waziwazi. Kwa asili anapatikana katika kisiwa cha Grand Cayman tu, kwenye bahari ya Karibi.

Mwaka 2002 ilikadiriwa kuwa porini wamebaki kati ya 10 na 25. Waliomwokoa ni watu wa mpango ulioanzishwa mwaka 1990 chini ya shirika la uhifadhi la visiwa hivyo, National Trust for the Cayman Islands. Mayai huanguliwa kwenye mashine ya kutotolea, watoto hulelewa vizimbani kwa miaka miwili hivi, kisha huachiwa hifadhini wakiwa na shanga za rangi shingoni za kuwatambulisha. Mwaka 2018 aliachiwa wa 1,000. Naiheshimu sana kazi hiyo.

Lakini kwa nini miaka yote hiyo kizimbani? Kwa sababu ya paka. Nyoka wa kisiwani amewinda watoto wa iguana tangu zama za kale, na bado iguana hawakuisha. Paka, panya na mbwa waliletwa na binadamu, na iguana hana kinga ya kurithi dhidi yao. Paka humaliza wadogo. Mbwa huua hata mkubwa aliyekomaa. Ndiyo maana ninaposikia idadi ya walioachiwa, swali langu ni hili: wangapi wameanguliwa porini, wakakua na kuzaa bila kupitia mikononi mwetu?

Kuna pia iguana wa kijani, mgeni anayetaga mayai mengi zaidi. Serikali ilianza kuwapunguza kwa nguvu Oktoba 2018, na zaidi ya milioni moja wameuawa. Naiunga mkono hatua hiyo. Paka wa porini nao wanahitaji uamuzi kama huo, ingawa najua unawaumiza wapenda paka. Hifadhi isiyodhibiti paka italazimika kulea watoto vizimbani miaka nenda, miaka rudi.