Viatu vya Kukimbilia Majini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mkimbiaji aliyeumia goti au ugoko akishauriwa na mtaalamu wa fiziotherapia ahamie kwenye bwawa kwa muda, swali la kwanza baada ya kiingilio huwa avae nini mguuni. Majibu atakayopewa na wenzake ni mengi, na karibu yote yamezaliwa kwenye viatu vya nchi kavu.

Inasemwa: kiatu kizuri ni kile kisichoingiza maji

Kwa mtu aliyezama hadi kifuani hakuna kiatu cha namna hiyo. Maji huingilia juu, penye kifundo cha mguu, hata kama kiatu chenyewe hakipenyezi tone. Tena hicho kisichopenyeza ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kilichoingia hakitoki. Ukiwa bado ndani ya bwawa maji hayo hayakulemei, ila kila hatua unayasukuma mbele na kuyarudisha nyuma, na unyayo unateleza ndani ya kiatu badala ya kutulia. Uzito wake utauonja ukipanda ngazi kutoka: mililita 300 zikibaki ndani, kila mguu umeongezewa gramu 300, nawe unakanyaga vigae vilivyolowa.

Kiatu kilichotengenezwa kwa kazi hii kinayaacha maji yaingie na kutoka. Sehemu ya juu ni wavu wa sintetiki usionyonya. Soli ina matundu chini na ubavuni, na soli ya ndani ina matundu yanayokutana na hayo. Hapo pa mwisho ndipo viatu vingi vya bei rahisi vinapodanganya: chini vimetobolewa vizuri, lakini soli ya ndani ni kipande kizima kinachoziba kila kitu. Ukiwa dukani, elekeza kiatu kwenye taa uchungulie ndani. Usipoona mwanga ukipita, kirudishe rafuni. Nyumbani mimina kikombe cha maji ndani yake na ukinyanyue. Maji yanapaswa kuisha kabla hujahesabu hadi kumi.

Inasemwa: majini huna uzito, kiatu cha nini?

Uzito unaofika kwenye nyayo hutegemea kina. Maji yakikufika kiunoni, unabeba karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, kama theluthi. Yakifika shingoni, kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 ambaye maji yamemfika kiunoni bado anakanyaga sakafu kwa kilo 35 akiwa amesimama tu, na akikimbia nguvu hiyo huongezeka.

Hata hivyo, kinachoumiza kwanza kwa kawaida ni ngozi. Ngozi iliyolowa hulainika, na kila unapojisukuma mbele kidole gumba na ile nyama nene ya unyayo iliyo nyuma ya vidole vinakwaruzwa na vigae au saruji. Atakayerudia mazoezi hayo kila siku bila viatu huishia na vidonda, navyo vikipata fangasi wa sakafu za bafuni, mazoezi yamesimama.

Kwenye maji marefu, ambako miguu haigusi chini, hali ni tofauti. Huko unakimbia ukiwa umefunga mkanda wa kuelea kiunoni, na kiatu si lazima.

Inasemwa: raba za zamani zinatosha

Kwa siku moja mbili, sawa. Shida ni sponji nene ya soli, ambayo huelea. Kipande cha mililita 500 chenye uzito wa gramu 100 husukumwa juu kwa nguvu ya gramu 400 hivi, na kwa kuwa kisigino ndicho kinene zaidi, ndicho kinachovutwa juu kabla hujakanyaga. Mkao wa kukimbia unaharibika. Sponji ya kitambaa kwenye ukosi, yaani ukingo unaozunguka kifundo cha mguu, nayo hunyonya maji, na gundi ambayo haikukusudiwa kulowa kila siku inaweza kuachia ncha ya mbele. Ukiongeza vumbi la barabarani, ambalo hula klorini ya bwawa, utaelewa kwa nini wasimamizi wengi huzikataa raba mlangoni.

Inasemwa: vile vyenye mapezi vitakusaidia kuelea

Hili ni la hatari. Mapezi, yaani vile vipande vinavyochomoza ubavuni mwa kiatu kama mapezi ya samaki, yapo ili kuongeza ukinzani wa maji, hayana kazi ya kukubeba. Na vile vifaa vya sponji vinavyofungwa miguuni ni vibaya zaidi kwa asiyejua kuogelea, maana huinua miguu, na miguu ikipanda kichwa kinashuka. Cha kukuweka wima ni mkanda wa kiunoni, basi.

Mapezi yenyewe yasivaliwe mapema. Ukinzani wa maji hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza mwendo wa mguu mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Mzigo huo ukiwa mguuni, mbali kabisa na nyonga, wanaoubeba ni misuli ya nyonga na nyuma ya paja. Mwenye jeraha hapo avae kiatu kisicho na mapezi hadi amalize dakika 30 bila maumivu.

Inasemwa: chukua namba moja juu, mguu huvimba majini

Kinyume chake, mgandamizo wa maji husaidia kupunguza uvimbe. Kinacholegea ni kiatu. Chagua kinachobana kidogo kikiwa kikavu, chenye nafasi ya nusu sentimita mbele ya kidole kirefu, na kamba za kuvutika zenye kibano. Za kawaida zikilowa hufunguka. Kiatu kikubwa hukupa malengelenge kisiginoni.

Soksi za neopreni (mpira laini wa sintetiki) za kuvaa ufukweni ni jambo lingine. Soli yake nyembamba inafaa kwenye mchanga na vigae laini, lakini kwenye mwamba wakati wa maji kupwa miiba mirefu myeusi ya wale viumbe wa baharini walio duara (kwa Kiingereza sea urchin) huipenya bila taabu.

Baada ya mazoezi, suuza viatu kwa maji baridi yasiyo na klorini wala chumvi, toa soli ya ndani, uanike kivulini penye upepo. Jua kali huikausha gundi na kuikakamaza sponji, na buti ya gari ni mbaya kuliko jua. Harufu mbaya inatokana na bakteria wanaopenda unyevu, kwa hiyo kuongeza manukato hakusaidii. Kila baada ya wiki chache kagua mikato midogo ya soli: kingo zake zikishakuwa duara, kiatu kitateleza kwenye kigae hata kama wavu wa juu bado ni mpya.