Ratiba ya Mechi Ndiyo Inayochora Ramani: Safari ya Baiskeli ya Hisani kutoka Pittsburgh hadi Boston

Kila kikundi kinachonijia na wazo la kuendesha baiskeli kutoka uwanja mmoja wa besiboli hadi mwingine ili kuchangisha fedha za hisani huanza na swali lilelile: tutakwenda kilomita ngapi kwa siku? Nami huwaomba waikunje ramani kwanza, wanionyeshe ratiba ya mechi. Kazi yangu ni kupanga njia za safari ndefu za baiskeli hapa mashariki mwa Marekani, ninakoishi baada ya miaka ya ufundi wa baiskeli kule Morogoro. Safari ya viwanja hunisumbua kuliko nyingine zote, kwa sababu mlima ulioshindwa kuupanda leo utaukuta kesho palepale, lakini timu iliyoondoka hutaikuta.

Msomaji aliyezoea soka la kwetu, ambako Simba au Yanga ikicheza mara mbili kwa wiki watu huanza kulalamika kwamba wachezaji wamechoka, itambidi abadilishe kipimo. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ina timu 30, na kila moja hucheza mechi 162 za msimu wa kawaida kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, yaani karibu kila siku; 81 kati ya hizo huchezwa nyumbani. Mechi hizo hazipishani moja nyumbani na moja ugenini. Mgeni hufika, akacheza siku tatu au nne mfululizo na mwenyeji yuleyule, akaondoka na kumpisha mgeni mwingine, kisha mwenyeji naye hufunga safari yake ya wiki nzima au zaidi. Katikati ya Julai ligi yote husimama kwa siku chache kupisha mechi ya nyota. Ukichelewa siku moja kwa sababu ya mvua unaweza kuukuta uwanja mtupu, na utabaki mtupu kwa siku saba.

Nalisema hili kwa sababu limenikuta. Safari yangu ya kwanza ya aina hii niliipanga kwa kilomita tu, na ratiba niliyoitazama, kwa aibu yangu, ilikuwa ya mwaka uliopita. Waendeshaji kumi na wawili, mapaja yamechubuka na fulana zimepauka kwa jua, wakafika mbele ya lango lililofungwa, na ndani hakukuwa na mtu ila fundi wa nyasi na mpira wake wa maji. Mlinzi alikuwa mtu mwungwana, akatupiga picha. Wachangiaji walioahidiwa picha ya kikundi ndani ya uwanja walipelekewa picha ya lango.

Wengi huja na hamu ya kuvizungukia viwanja vyote 30 katika msimu mmoja. Huwa siwavunji moyo, ila huwaonyesha Denver: uwanja wa ligi ulio karibu nayo kuliko vyote uko Kansas City, karibu kilomita 960 za nyanda tambarare zenye upepo. Kuna pia Toronto, iliyoko Kanada, ambako mwenye pasipoti ya Tanzania lazima awe na viza hata kama viza yake ya Marekani ni halali. Na orodha yenyewe haitulii. Timu ya Athletics iliaga uwanja wake wa Oakland mnamo Septemba 2024 na msimu uliofuata ikachezea West Sacramento, na mwezi Oktoba mwaka uleule kimbunga Milton kiliichana paa ya uwanja wa St. Petersburg, Florida, hata timu ya Rays ikalazimika kucheza msimu wa 2025 kwenye uwanja wa kuazima mjini Tampa. Ndiyo maana kwa kikundi cha watu wanaorudi kazini baada ya likizo napendekeza viwanja saba vya mashariki, kutoka Pittsburgh hadi Boston, ambavyo vinaunganishwa, kwa sehemu kubwa, na njia zisizo na magari.

Naanzia Pittsburgh kwa makusudi. Uwanja wa PNC Park, uliofunguliwa mwaka 2001, uko ng'ambo ya mto Allegheny ukitokea katikati ya jiji, na unaufikia kwa Daraja la Roberto Clemente, ambalo siku za mechi hufungiwa magari likaachiwa watu wa miguu. Clemente alikuwa mchezaji wa Pirates, timu ya Pittsburgh, kutoka Puerto Rico, aliyefikisha mipigo halali 3,000 kamili mwishoni mwa msimu wa 1972. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo ndege aliyokuwa akisafiri nayo kupeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Nikaragua ilianguka baharini, naye akafa. Ukuta wa upande wa kulia wa uwanja una kimo cha futi 21 kwa kumbukumbu ya namba ya fulana yake. Kikundi cha hisani kinachoanzia kwenye daraja hilo hakihitaji hotuba ndefu ya uzinduzi, ingawa mara zote kuna mtu anayeitoa.

Kutoka hapo hadi Washington ndiko kuliko na utamu wa safari nzima, na ndiko ninakotumia muda mwingi zaidi kuwaandaa watu. Njia ya kwanza, Great Allegheny Passage, ni reli za zamani zilizong'olewa na kumwagiwa kokoto laini za chokaa zilizoshindiliwa. Ina urefu wa kilomita 241 hadi Cumberland, Maryland. Kwa kuwa treni haziwezi miinuko mikali, njia hupanda polepole kwa takriban kilomita 200 kiasi kwamba mwendeshaji huona amechoka bila kuona alichokipanda, hadi kwenye mgongo wa milima ulio mita 729 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji ya upande mmoja huelekea Ghuba ya Meksiko na ya upande wa pili huelekea Atlantiki. Baada ya hapo unashuka zaidi ya mita 500 katika kilomita 38 tu. Anayekwenda kinyume, kutoka Cumberland, huimaliza dozi hiyo yote asubuhi moja, na hiyo ni sababu tosha ya kuanzia Pittsburgh. Kidogo baada ya mgongo huo kuna handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilomita moja, ambalo hufungwa milango wakati wa baridi ili barafu isiliharibu. Kikundi kinachotaka kuwahi mechi za mwanzo wa msimu lazima kithibitishe kwanza kwamba milango imeshafunguliwa.

Cumberland unabadilisha njia, na baiskeli inatambua kabla yako. Sasa uko kwenye ukingo wa mfereji wa Chesapeake na Ohio, njia ya udongo ya kilomita 297 ambayo nyumbu waliipita wakivuta mashua za makaa ya mawe hadi mwaka 1924. Mvua ikinyesha udongo huo hugeuka uji, hujaa kwenye breki na kwenye cheni, na tairi nyembamba za barabarani hazina kazi hapo. Mimi huwataka watu wafunge tairi zenye upana wa milimita 38 au zaidi, wabebe tyubu mbili, spoki chache za ziada na kipande cha mnyororo, maana kati ya mji na mji unaweza kukaa saa tatu usione duka. Gari la msaada haliwezi kufuata ukingo wa mfereji. Hukutana na waendeshaji mahali ambapo barabara inakatiza, na dereva asiyejua kusoma ramani ya karatasi ni mzigo. Handaki la Paw Paw, lenye urefu wa mita 950 na lililojengewa matofali zaidi ya milioni sita kati ya 1836 na 1850, halina taa, hivyo watu hushuka na kuikokota baiskeli wakiwa na tochi. Kambi za bure za wapita njia zimepangwa kandokando ya mfereji kwa umbali wa kilomita chache chache. Mimi hutenga siku saba kutoka Pittsburgh hadi Washington na kuongeza ya nane kwa ajili ya tope. Kikundi kikiniambia kitaweza kwa siku tano, namwongezea kiongozi wao siku hiyo bila kumuuliza.

Kutoka uwanja wa Nationals Park, Washington, hadi Camden Yards, Baltimore, ni mwendo wa siku moja, na hapo kuna jambo ambalo nisingelijua kama ningepita kwa gari. Mfereji tulioufuata na reli ya Baltimore na Ohio vilizinduliwa siku moja, tarehe 4 Julai 1828, kila kimoja kikishindania biashara ya magharibi. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika 1850, ukiwa umeshashindwa, na baada ya mafuriko ya 1889 ukaangukia mikononi mwa reli yenyewe. Sasa ukikaa kwenye viti vya Camden Yards, uwanja uliofunguliwa mwaka 1992, nyuma ya ukuta wa kulia unaona jengo refu la matofali mekundu, la zaidi ya mita 300. Ni ghala la reli hiyohiyo. Umekuja siku nzima nne au tano kwa njia ya aliyeshindwa, ukaja kukaa mbele ya nyumba ya mshindi.

Baada ya Baltimore kuna mto Susquehanna, nao ndio unaonilazimisha kuchagua siku ya wiki. Daraja la Thomas J. Hatem, kati ya Havre de Grace na Perryville, lilifunguliwa kwa baiskeli mnamo Julai 2016, lakini kwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu za jimbo tu, tena kuanzia alfajiri hadi jua linapotua. Anayefika Jumanne hana njia ila kupakia baiskeli kwenye gari. Kwa hiyo mechi ya Baltimore lazima iwe ya Ijumaa, au Alhamisi kwa wanaokwenda taratibu, na sharti hilo moja huondoa karibu nusu ya wiki ambazo ratiba ilikuwa imenibakizia.

Philadelphia haina matata: uwanja uko kusini mwa jiji, na sheria ya Pennsylvania inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli amwachie nafasi ya futi nne, kitu ambacho madereva wengine hukikumbuka. Huko New Jersey ukingo wa mfereji mwingine, wa Delaware na Raritan, unakusogeza hadi New Brunswick. New York ndiyo fumbo la mwisho. Timu zake mbili, Yankees wa Bronx na Mets wa Queens, kwa kawaida haziwi nyumbani kwa wakati mmoja, na zinapokutana zenyewe kwa zenyewe uwanja mmoja hujaa na mwingine hulala. Ninachotafuta ni usiku wa mpishano, Yankees wakimaliza mechi zao za nyumbani na Mets wakirejea kesho yake. Tunaingia kwa Daraja la George Washington, lenye njia ya baiskeli, tunatazama mechi Bronx, tunalala, kisha tunakwenda Queens.

Kuhusu fedha nina msimamo ambao umenipotezea wateja wawili: senti ya mchangiaji isinunue tairi. Mfano ninaoutoa ni Pan-Mass Challenge, safari ya baiskeli ya Massachusetts iliyoanza mwaka 1980 na waendeshaji 36 waliochangisha dola 10,200, na ambayo kufikia 2024 ilikuwa imevuka dola bilioni moja, huku fedha zote zinazochangishwa na waendeshaji zikienda kwenye taasisi ya saratani ya Dana-Farber. Gharama zinalipwa na ada za kujiandikisha na wafadhili. Kikundi kidogo kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa akaunti mbili: moja ya safari, ambayo waendeshaji wenyewe wanaijaza, na nyingine ya hisani, ambayo wao hawaigusi. Ahadi za dola kadhaa kwa kila pointi ya timu fulani huchekesha lakini hudaiwa kwa taabu baadaye. Bora mchango kamili ulipwe mapema, na mchango wa dola 250 au zaidi upewe stakabadhi ya maandishi, kwa kuwa mamlaka ya kodi ya Marekani huidai.

Boston naiweka mwisho kwa sababu ya hisani hiyohiyo. Mnamo Mei 1948 mtoto wa miaka 12 kutoka shamba huko Maine, Einar Gustafson, mgonjwa wa saratani aliyekuwa akitibiwa na Dakta Sidney Farber, ambaye jina lake limo katika jina la Dana-Farber, alihojiwa kwenye redio kwa jina la Jimmy, na wachezaji wa Boston Braves, timu nyingine ya besiboli ya jiji hilo wakati huo, wakaingia chumbani kwake wakati matangazo yakiendelea. Wasikilizaji waliombwa wachangie ili apate televisheni ya kuitazamia timu yake. Zikaja zaidi ya dola 200,000, na hapo ukaanza mfuko wa hisani wa Jimmy Fund. Braves walipohamia Milwaukee mwaka 1953, Red Sox wa uwanja wa Fenway Park waliubeba mfuko huo, na wanaubeba mpaka leo. Gustafson mwenyewe alipona, akaishi hadi 2001.

Fenway ni ya mwaka 1912, na njia zake ni nyembamba. Mifuko ya baiskeli haiingii getini, kwa hiyo dereva wa gari la msaada huikusanya yote saa tatu kabla ya mechi, na kila mtu hubaki na tiketi, kitambulisho na fulana kavu. Kutoka usiku huo narudi nyuma kwenye karatasi, mji kwa mji, nikipita New York, daraja la Susquehanna na siku ya tope, na tarehe ya kuondoka Pittsburgh ndiyo ninayoiandika mwisho kabisa, kwa penseli.